Acheni Kalamu Mlangoni

Kalamu ya biro ilitengenezwa ili iandike. Naanzia hapo kwa sababu inaonekana katika esteti zetu hizi, kuanzia Donholm mpaka Komarock, kuna watu wazima ambao hawajaambiwa. Wana kalamu mfukoni, wana kalamu kwenye droo ya vijiko, wana kalamu iliyofungwa kwa uzi kando ya soketi ya sebuleni, na hakuna hata moja iliyowahi kuandika jina la mtu. Kazi yake ni kutobolea soketi.

Vijana, mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa kanisani anayeingia nyumbani kwenu na kabla hajakaa anatazama ukuta. Nilikuwa fundi wa stima katika kiwanda kimoja cha biskuti kule Industrial Area, tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ile. Nilidhani nikistaafu nitapumzika. Nitapumzikaje na ninyi mko?

Kiongozi wenu wa vijana ameniomba niandike kidogo kuhusu kazi yangu, "kitu cha kutia moyo". Moyo nitautia mwishoni, kama utakuwa bado upo.

Kwanza tuelewane kuhusu huo ukuta. Soketi yetu ya Kenya ina matundu matatu. Lile la juu ni la waya wa ardhini, sisi mafundi tunauita athi, na mguu wa plagi unaoingia hapo ni mrefu kuliko mingine kwa makusudi. Ukiingia, unasukuma vifuniko vidogo vilivyoziba yale matundu mawili ya chini, ambako ndiko stima iliko. Aliyebuni jambo hilo alikuwa akimuwaza mtoto wako anayetambaa na msumari mkononi. Alikaa, akafikiri, akafunga mlango. Wewe ukaja na biro ukaufungua kwa nguvu, ili uchomeke plagi ya miguu miwili ya mviringo iliyotengenezwa kwa kuta za watu wengine.

Na inaingia! Hilo ndilo linaloniudhi. Ingekuwa haiingii kabisa tungekuwa tumemaliza maneno. Inaingia ikiyumba, inashika hapa inaachia pale, inatoa cheche, plastiki inapata moto mpaka inageuka rangi ya chai. Ukiuliza unajibiwa, "Lakini si inafanya kazi?" Hata jino lililooza hutafuna.

Kanisani kwetu bingwa wa mambo haya alikuwa Kevo, mpiga kinanda. Si mtoto, Kevo. Ana mke na familia, anauza simu mjini, na ana roho safi kiasi kwamba kumkasirikia ni kazi. Kinanda chake ni cha mtumba, kilikuja na plagi ya miguu miwili. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na waya, kitabu cha nyimbo, na biro ya bluu isiyo na wino. Siku nilipoiona nilimwuliza kwa upole, maana tulikuwa karibu na madhabahu.

"Kevo, hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ufunguo, Mama Ayub."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa stima. Bila hiyo leo hakuna worship, mathe."

Nikamwambia aniletee kinanda nimwekee plagi ya haki, bure, nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye benchi. Akasema, "Next Sunday, mum, hiyo ni fiti." Hiyo Sunday niliingoja mpaka nikachoka. Mwacheni Kevo hapo kidogo, nitarudi kwake.

Mimi nilifundishwa na Fundi Barasa, mzee wa Kimilili, mfupi, mkali, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilipofika karakanani alininyima bisibisi. Akanizungusha kiwanda kizima nikisoma vibati vidogo vilivyopachikwa nyuma ya mashine. Nikachukia. Nilikuwa nimekuja kushika stima, si kusoma vibati.

"Hicho ni kitambulisho chake," akaniambia. "Askari akikushika barabarani anakuuliza nini? Basi na wewe, usishike mashine kabla hujaona kitambulisho."

Nawapa hiyo bure, kwa sababu hamjaisikia ingawa nimeisema harusini na matangani. Geuza kitu chako, usome. Kama kibati kinasema volti 220 mpaka 240, hicho ni cha kwetu, hata kama plagi yake ni ngeni. Kama kinasema 100 mpaka 240, kama chaja nyingi za simu na kompyuta, hicho ni msafiri, ukuta wowote ni wake, kinachohitaji ni adapta imara tu. Lakini kama kinasema 110 au 120 peke yake, au mia tupu, hicho kilizaliwa Amerika au Japani na stima yetu ni sumu kwake. Usikichomeke. Usijaribu "kidogo tu". Stima haina kidogo tu.

Kiwandani tulikuwa na stima za aina mbili. Mashine za kawaida zilikula 240, na plagi zake zilikuwa za bluu. Drili na taa za kushika mkononi zilikula 110 kutoka kwenye transfoma, kwa sababu sakafu ilikuwa ya maji na 110 ikikuuma inakuachia nafasi ya kutubu. Hizo plagi zake zilikuwa za njano, nene, za duara. Ungeweza kulia, ungeweza kupiga nyundo, ya njano haiingii kwenye soketi ya bluu. Barasa alikuwa akisema, "Volti mbili hazivai kiatu kimoja."

Basi siku moja mwendeshaji wa mashine ya kukanda unga alitaka kutumia drili mahali ambapo kulikuwa na soketi ya bluu tu. Plagi ya njano ikakataa. Yule bwana akaenda akatafuta tupa, akakaa kwenye gunia, akaisugua ile plagi mpaka ikaingia. Drili ilizunguka kwa mlio ambao sijawahi kuusikia tena, ikatoa moshi, ikafa mkononi mwake. Barasa alipofika alivua kofia, akakaa sakafuni. Tulidhani anaumwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Rispa," akasema, "huyu mtu ametokwa na jasho kushindana na kitu kilichokuwa kinamwokoa."

Mniambie sasa nani kati yenu si yule bwana. Plagi ikikataa mnaona ni kiburi. Jirani yangu hapa Donholm aliletewa blenda na mtoto wake kutoka Amerika. Plagi ikakataa, akaita fundi wa mtaani, akaikata na kumwekea ya Kenya. Akaniita niione, akaweka maparachichi. Sikuwahi kumaliza kusema "ngoja". Kifuniko kiligonga dari, parachichi likafuata, na yeye amesimama anacheka, "Mama Ayub, vitu vya ng'ambo vina nguvu!" Vilikuwa na nguvu mpaka harufu ya mpira ulioungua ilipojaa jikoni. Dari bado ina doa la kijani.

Na wauzaji, Mungu awasamehe. Nilikuwa upande wa Majengo nikitafuta mapazia, nikamkuta muuzaji amepanga vyombo vya stima vya mtumba juu ya turubai, vyote vina plagi mpya nyeupe za Kenya. Nikageuza birika moja: volti mia, la Japani.

"Plagi yake ya kwanza iko wapi?"

"Nilikata, mum. Nikakuwekea ya Kenya. Hapo ni kuchomeka tu na kuenda."

"Ilikuwa na shida gani?"

"Ilikuwa inakataa."

"Uliiuliza inakataa nini?"

Akawatazama wenzake. "Aki huyu mathe. Plagi huulizwa?"

Akalichomeka kunionyesha. Maji yakaanza kunguruma hapo hapo. "Umeona? Inachemsha mbio, hiyo ni original!" Lazima lichemshe mbio. Limelishwa volti zaidi ya mara mbili, na joto halipandi mara mbili tu, linapanda zaidi ya mara tano. Fyuzi ya plagi ikakatika pu. Yule bwana hata hakushtuka. Alitoa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mfukoni, aliyokuwa ameikata tayari kwa kipimo, akaivisha ile fyuzi iliyokatika ili ipitishe stima tena, kama mtu anayefunga kidole cha mtoto. Niliondoka bila mapazia.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Nina dada mmoja tu, Selina, mkubwa wangu. Alikuwa mpishi wa shule za bweni, miaka yake yote mbele ya kuni na moshi, na huo moshi umekuja kudai mapafu yake uzeeni. Anaishi Komarock na mwanawe Wafula. Daktari alisema anahitaji mashine ya oksijeni nyumbani, ile yenye magurudumu inayovuta hewa ya chumba, kuichuja na kumpa oksijeni kwa mrija wa puani. Binti yake Anjela, anayetunza wazee kule Amerika, akahangaika mpaka akaipata, ikasafirishwa. Ni moja tu. Ikiharibika hakuna nyingine kabatini.

Wafula akanipigia simu akiwa na furaha. "Anti, mashine imefika, lakini plagi yake haiingii. Nimeita fundi wa hapa aikate aweke yetu."

Niliacha chai mezani. Nilimkuta huyo fundi ameshatoa kisu. Nikamwuliza amesoma nini nyuma ya mashine, akaniuliza kwani kumeandikwa nini. Kulikuwa kumeandikwa volti 115.

Tulifanya kazi ile ipasavyo. Nilitazama hertz pia, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, kwa sababu transfoma hushusha volti lakini hertz haizigusi, na mota ya Amerika isiyozijua hertz zetu huchoka na kuungua polepole. Hii ilikuwa imeandikwa 50, ambazo ni zetu, na 60, nikamshukuru Mungu. Nikachagua transfoma kubwa kuliko mashine inavyotaka, maana mota inapoamka hula zaidi kuliko inapokimbia. Kisha nikafanya alivyonifundisha Barasa. Nikaweka soketi ya njano kwenye transfoma na plagi ya njano kwenye waya wa mashine, ili mashine ile isiweze kuingia kwenye ukuta wowote wa nyumba ile, hata kwa bahati mbaya.

Wafula akaitazama. "Anti, si ungeweka ya kawaida? Hii inaharibu sitting room. Inakaa ya kiwanda."

Selina ndiye aliyemjibu. "Hata mimi na mrija puani sipendezi. Tuache tukae pamoja."

Ikakaa. Usiku na mchana mashine ile ikivuma pamoja na lile boksi la transfoma, na dada yangu akarudi kupiga umbea na mimi kwenye simu, jambo ambalo pumzi yake ilikuwa imeshalikataza.

Jumapili moja baada ya ibada, kikundi cha akina mama kikaamua kwenda kumwona mgonjwa. Mnajua kwenda kumwona mgonjwa kwetu kulivyo. Mgonjwa haonwi kimya kimya. Tulikwenda na mkate, sukari, mke wa mchungaji, na Kevo na kinanda chake na spika. Mimi nikaingia jikoni na mke wa Wafula kupika chai, kwa sababu wageni walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Kwa hilo silaumu mtu. Mtu mmoja hawezi kuwa jikoni na sebuleni.

Yaliyotokea sebuleni niliambiwa baadaye. Pale pana soketi mbili kwenye kibao kimoja, ya TV na ya transfoma. Kevo aling'oa TV akaweka spika. Spika ikaanza kunguruma, akasema ni lile boksi linaloharibu sauti, na tena hana pa kuweka kinanda. Akamwuliza dada yangu, "Mum, tuzime kidogo? Ni pambio moja tu." Selina akitulia kwenye kiti anaweza kukaa kidogo bila mashine, na ni mtu wa adabu. Akasema sawa. Kevo akang'oa transfoma, akatoa biro yake ya bluu, akaikita kwenye tundu la juu la soketi akaiacha humo, akachomeka kinanda.

Lakini pambio la kanisa letu ni moja lini? Linazaa lingine kabla halijafa. Na hakuna aliyemkumbusha Selina asiimbe. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yetu tangu tukiwa wasichana huko nyumbani. Nilimsikia toka jikoni, nikafurahi, nikaimba naye nikikoroga sukari. Mashine ilikuwa ikilia pii-pii kwamba haina stima, na nani angeisikia chini ya spika ile?

Kisha sauti yake ikatoka kwenye wimbo. Wengine wakaendelea kidogo, halafu mama mmoja akapiga kelele, "Mama Wafula! Mama Wafula!" na wimbo ukavunjika. Hapo ndipo nilipousikia ule mlio, na nikasikia kwamba mvumo haupo.

Nilipomaliza kupenya katikati ya watu waliojaa mlangoni, Selina alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mke wa mchungaji anampepea kwa leso. Mashine haikuwa mahali pake. Kevo alikuwa ameikokota mpaka kwenye soketi ya koridoni iliyokuwa tupu, ile ya pasi, na boksi la transfoma ameliacha kwa sababu ni zito. Alikuwa amejaribu plagi ya njano, imekataa. Amejaribu na kalamu ya mtu mwingine, imekataa. Basi ameikata kwa kisu cha mkate, amechuna waya kwa meno, shaba iko nje inang'aa, na mama mmoja wa kikundi anampa njiti za kiberiti azibane nazo ndani ya soketi. Ninyi mnazijua hizo njiti. Msijifanye.

"Kevo! Achia!"

"Mama Ayub, anakufa! Nachomeka direct tu!"

"Ukichomeka hapo ndipo atakufa! Hiyo mashine haili stima ya ukuta!"

Akanitazama, waya mkononi, jasho linamtoka. "Si ile boksi ni gadi tu? Ka ile ya fridge?"

Gadi. Kile kidude tunachoweka kati ya ukuta na friji ili stima ikirudi kwa kishindo isiiue. Kila nyumba ya Eastlands inayo, na kila mtu anajua kwamba ukiitoa, friji inafanya kazi vilevile. Niliona yote mara moja, jinsi mtu mwenye akili timamu alivyofika pale na zile njiti, na nilikasirika mpaka nikaona giza. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia lile boksi kwa sababu nililiacha bila neno hata moja juu yake, nikaikasirikia kila biro iliyowahi kuuzwa Nairobi.

Lakini dada yangu alikuwa anavuta hewa na hewa haiji. Nikanyakua waya. Nikasema mashine irudishwe sebuleni na mtu aite gari la hospitali. Mke wa Wafula alikuwa ameshaita. Nikachukua kisu cha siagi kwenye trei ya chai kiwe bisibisi, nikapiga magoti, nikaifungua plagi ya njano.

Niwaambie kuhusu waya za Amerika, kwa sababu siku moja mtazishika bila mimi. Katika nyumba zetu za zamani, waya mweusi ulikuwa nyutro, ule wa kurudisha stima, mpole kiasi. Kule Amerika mweusi ndio wa moto, mweupe ndio nyutro, wa kijani ni athi. Ukienda kwa mazoea unazigeuza, na mashine inakuwa na stima mahali ambapo haikupaswa kuwa nayo, na wewe huoni. Nilikuwa nikijisemea kwa sauti kama mtoto wa nasari, nyeusi moto, nyeupe nyutro, na vidole vyangu vya baridi yabisi havinisikii. Akina mama walikuwa wameanza kuomba kwa nguvu, mmoja ameniwekea mikono begani ananitikisa.

"Ombeni," nikasema, "lakini asiniguse mtu!"

Kevo alikuwa amepiga magoti kando yangu. Nikampa ganda la plagi.

"Shika hapa. Usitetemeke."

"Natetemeka, mum."

"Tetemeka ukiwa umeshika."

Akashika. Nikakaza parafujo ya mwisho. Nikamwambia mtu ang'oe kinanda, akaking'oa kwa nguvu, na ile biro ya bluu ikavunjika ndani ya soketi. Ncha ikabaki kwenye tundu la juu. Plagi ya transfoma haiingii. Nataka mlione hilo. Dada yangu anazimika, stima ipo, transfoma ipo, mashine ipo, na mlango umezibwa na ncha ya kalamu. Nilitoa neno ambalo mke wa mchungaji mpaka leo hajanitajia. Tukang'oa spika, tukachomeka transfoma mahali pake, nikasukuma njano ndani ya njano, nikawasha.

Ikavuma.

Mashine ile haitoi oksijeni papo hapo. Inachukua muda kuichuja na kuikusanya, na hakuna fundi wa kuiharakisha. Nilimwekea mrija puani, nikamshika uso. Niliogopa, vijana. Sijawahi kuogopa hivyo kiwandani, na kiwandani nilishika vitu vya kutisha. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Nilimwambia, "Selina, vuta. Vuta polepole. Usiongee."

Rangi ya midomo ikarudi, kidogo kidogo. Akafungua macho. Nilimwambia asiongee na kwa hiyo, bila shaka, akaongea.

"Rispa," akasema, "unapiga kelele kuliko spika."

Kuna waliocheka na kuna waliolia. Mimi nilikaa sakafuni kama Barasa. Gari lilipofika tulimpeleka hospitali, wakamwangalia, kesho yake akarudi nyumbani na hasira zake zote.

Kevo nilimkuta ngazini kwa Wafula jioni ya Jumapili ile, nilipotoka hospitali. Akaniuliza, "Mum, kama ningechomeka?"

Nilitaka kumfariji. Ni mtu mzuri, na alikimbilia kuokoa wakati wengine walipepea leso. Lakini nimefariji watu wengi kuhusu stima na sijaona faida yake.

"Mashine ingekufa hapo hapo," nikamwambia. "Na Selina angeifuata kabla gari halijafika. Na hizo waya ulikuwa umezishika kwa vidole vitupu, kwa hiyo labda mngeondoka pamoja."

Akalia. Nikamwacha alie. Kisha nikamwambia alete kinanda.

Nilikigeuza kwanza, nikamwonyesha kitambulisho: 220 mpaka 240. Hicho ni chetu, kwa hiyo plagi yake ngeni kuikata ni halali. Nikamwekea ya miguu mitatu, yenye fyuzi ndogo inayokifaa kinanda, si ile ya ampea kumi na tatu ya pasi. Ilichukua muda mfupi kuliko pambio moja. Ndiyo kazi ile niliyokuwa nikimwomba anipe. Soketi ya Wafula niliibadilisha yote, ile ncha ya biro ikiwa bado imo. Na kwenye boksi la transfoma nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HII SI GADI. Kwenye waya wa mashine nimeandika: ISIPOINGIA, MWITE RISPA. Wafula anasema sitting room sasa imeharibika kabisa.

Mliomba kitu cha kutia moyo, basi hiki hapa. Dada yangu anapumua. Ameweka mkebe mtupu wa majani chai kwenye kistuli karibu na mlango, mahali ambapo mkono wake unafika akiwa kwenye kiti chake. Ukienda kumwona, atakukaribisha, lakini kwanza atanyoosha mkono na kusema, "Kalamu." Wengine hucheka wakidhani ni utani wa kizee. Mke wa mchungaji alidhani anataka kuandika kitu, akampa, haikurudi mpaka alipoaga. Kevo huitoa mfukoni akiwa bado ngazini. Mgeni akisema hana, Selina hamjibu, hapotezi pumzi yake. Anatazama mfuko wa shati, na ule mkono haushuki.